Bei ya Suhuba Mbaya

Suhuba mbaya ina bei, na bei hiyo haitajwi siku ya kwanza. Anayesuhubiana na dhalimu, mla rushwa, mwizi au tapeli huanza kwa kupata: chakula, usafiri, mkopo, ulinzi, au jina kubwa la kujikinga nalo. Malipo huja baadaye, na huja kwa mafungu, kama dagaa wanavyouzwa ufukweni Kibirizi, Kigoma. Mali hutangulia. Hufuata sauti, yaani uwezo wa kusema kweli. Kisha huenda uhuru wa mtu kushika njia yake, kisha jina lake, kisha usalama wa mwili wake. Fungu la mwisho ni dhamiri.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upo mfano wa kihistoria unaoonyesha mafungu hayo yote kwa mtu mmoja, na mwenyewe aliuandika kwa mkono wake. Mtu huyo ni David Livingstone, na kitovu cha habari hiyo ni Ujiji, mwendo mfupi wa daladala kutoka Katubuka, Kigoma. Watoto wa shule za Kigoma hupelekwa kwenye kumbukumbu yake chini ya miembe na kuambiwa kwamba alikuwa adui wa biashara ya utumwa. Ni kweli, alikuwa adui wa biashara hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi ya safari yake ya mwisho alikula, alilala na kusafiri pamoja na wafanyabiashara wa watumwa. Kweli hizi mbili zikitazamwa pamoja, somo la suhuba mbaya huonekana wazi kuliko katika hadithi ya mtu aliyekuwa mwovu tangu mwanzo.

Livingstone aliingia bara mwaka 1866 kwa njia ya Mto Ruvuma. Alikuwa na nia mbili: kutafuta chanzo cha Mto Nile, na kuufichulia ulimwengu mateso ya watumwa. Haukupita mwaka, msafara wake ukavunjika. Watu wa kisiwa cha Nzwani waliokuwa naye walimtoroka, wakarudi pwani na kutangaza kwamba ameuawa. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Kwa mtu anayepita katika nchi ya homa, bila kwinini, wizi huo ulikuwa kama hukumu ya kifo.

Katika hali hiyo, mwezi Julai 1867, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Zambia, alikutana na mfanyabiashara wa pembe na watumwa, Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip. Tippu Tip alimpa mbuzi, kitambaa, shanga na mtama. Baadaye, nchini kwa Kazembe, Livingstone alifuatana na wafanyabiashara wengine, Muhammad bin Saleh, kisha Muhammad Bogharib. Mapema mwaka 1869, mapafu yake yalipougua hata akashindwa kutembea, Bogharib aliamuru abebwe kwenye kitanda mpaka ziwani, akavushwa kwa mtumbwi, akafika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Bila Bogharib angefia njiani.

Wema huo ulikuwa wa kweli, na hapo ndipo fundo lilipo. Uovu unaokuja kwa sura ya uovu ni rahisi kuukimbia. Unaonasa ni ule unaokuja na uji wa moto, kitanda na pole za dhati. Msafara uliombeba mgonjwa huyo ndio uliobeba pembe za ndovu na kuburura watu waliofungwa minyororo. Aliyebebwa aliijua minyororo hiyo na aliichukia. Hata hivyo kila siku aliyoishi ilikuwa zawadi kutoka kwa wenye minyororo, na zawadi ya namna hiyo hugeuka deni. Mtu aliyeokolewa na mwovu hupata kigugumizi anapotakiwa kumtaja.

Fungu la kwanza, la mali, lilidaiwa Ujiji. Bidhaa alizotumiwa kutoka pwani alizikuta zimeporwa: kati ya majora 80 ya nguo, 62 yalikuwa yamekwisha kuibwa. Dawa zake zilikuwa zimebaki nyuma Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Miaka miwili baadaye jambo hilo lilirudiwa kwa ukubwa zaidi. Mtu aliyeitwa Sherif, aliyekabidhiwa shehena mpya, alipiga ramli, akasema imeonyesha kwamba Livingstone amekufa, akauza kila kitu kwa faida yake. Livingstone aliporudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871 akiwa amebaki mifupa, hakukuta hata yadi moja ya nguo kati ya yadi 3,000, wala uzi mmoja wa shanga kati ya ratili 700. Katika wizi huo hakuna la kushangaza. Aliyezoea kuuza binadamu haoni haya kuuza jora la merikani. Mtu asiye na mpaka kwa watu wa mbali hana mpaka kwa rafiki pia. Rafiki anangojewa tu zamu yake ifike.

Fungu la pili lilikuwa sauti. Katika miezi aliyokaa Ujiji mwaka 1869, Livingstone aliandika barua nyingi. Wafanyabiashara wa Ujiji hawakutaka kuzipeleka pwani, kwa kuwa walihofu kwamba zimeandika habari za matendo yao. Nyingi kati ya zilizopokewa hazikufika. Hivyo aliyekwenda Afrika kushuhudia alikuwa na ushahidi mkononi, lakini njia ya kuupitisha ilikuwa ya wale wale aliowashuhudia. Hali hii inafahamika popote ambapo mtu hula kwa mkono wa mhalifu. Karani anaweza kujua kwamba bosi wake anaghushi hati, na baharia anaweza kujua kwamba mzigo ni wa magendo. Wote wawili wanajua pia kwamba mshahara, nauli ya kurudi nyumbani na ada ya mtoto vinatoka kwa mtu yuleyule. Hakuna aliyewaziba mdomo kwa nguvu. Tegemeo lao ndilo lililouziba.

Fungu la tatu lilikuwa uhuru wa mwendo. Julai 1869 Livingstone alivuka ziwa kwenda nchi ya Manyema, tena pamoja na Bogharib. Alitaka kuufuata Mto Lualaba, akidhani ndio mwanzo wa Nile, lakini msafara ulifuata pembe. Pembe zilipokuwa, naye alikwenda huko. Walipokaa, naye alikaa. Vidonda vya miguu vilimfunga katika kijiji cha Bambarre tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Hata watu kumi waliofika mwezi huo kumsaidia walikuwa watumwa wa Wabaniani wa Zanzibar, na waligoma kusonga mbele mpaka waongezewe ujira. Adui wa utumwa alikuwa akingoja kubebewa mizigo na watumwa. Hakupanga kufika hapo. Alifika kwa hatua ndogo ndogo, na kila hatua ilikuwa na sababu yake njema.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye kingo za Lualaba, katika mkoa ambao leo unaitwa Maniema nchini Kongo. Huko alihitaji mitumbwi tu. Wenyeji hawakukubali kumwuzia. Kwao alikuwa mgeni mwingine aliyekuja na watu wa bunduki, na mitumbwi ikiwavusha watu wa bunduki, kijiji cha ng'ambo huungua. Baada ya miezi ya kungoja alimgeukia mfanyabiashara mkubwa aliyefika hapo, Dugumbe, akamwahidi fedha nyingi pamoja na bidhaa zake zote zilizokuwa Ujiji, ili mradi apewe watu na mtumbwi.

Mazungumzo hayo yalikuwa hayajapoa ilipofika tarehe 15 Julai 1871. Ilikuwa siku ya soko. Watu wapatao 1,500, wengi wao wanawake, walikuwa wamekuja na kuku, samaki, mihogo na vyungu. Watu watatu wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Yalizuka mabishano juu ya bei ya kuku, bunduki zikalia. Wengine waliokuwa karibu na mto walianza kuwafyatulia waliokimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikwama, mingine ikapinduka, vichwa vya waliokuwa wakiogelea vikazama kimoja baada ya kingine. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji risasi kwa bastola yake. Dugumbe akamsihi asiingie katika kisasi cha damu, naye akatii.

Malipo ya siku hiyo hayana jina jepesi. Aliyekuwapo Nyangwe siku hiyo hakufyatua risasi, hakuamuru na hakunufaika. Lakini siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amempa mkuu wa wauaji hao ahadi ya mali, akimtegemea kwa safari yake. Anayesuhubiana na waovu hupata nafasi ya mbele kabisa ya kutazama maovu, na hukuta mikono yake haina nguvu ya kuyazuia. Picha aliyoiona hubaki naye. Tarehe 20 Julai aliondoka Nyangwe kurudi Ujiji, bila mtumbwi na bila kuumaliza mto.

Njiani alilipa fungu la jina na la mwili kwa siku moja. Tarehe 8 Agosti 1871, katika msitu wa Manyema wenye njia nyembamba, mkuki ulitoka vichakani nyuma yake ukapita nusura umkwaruze mgongo. Mkuki wa pili ulipita mbele yake umbali wa futi moja hivi. Siku hiyo hiyo mti mkubwa ulianguka na kumkosa kwa kiasi kidogo. Waliorusha mikuki hawakuwa na ugomvi na David Livingstone. Waliamini kwamba ni mmoja wa wafanyabiashara.

Nani angewalaumu? Mtu aliyechomewa nyumba na kunyang'anywa watoto, akiwa amejibanza nyuma ya majani, anauona msafara unaopita. Haoni nia zilizomo mioyoni wala haisomi shajara ya mtu. Anaona nani anatembea na nani. Hana wajibu wa kuchambua msafara wa wauaji ili amtafute mwema aliyejichanganya humo. Hii ndiyo gharama nzito kuliko zote za suhuba mbaya, na ndiyo husahaulika mara nyingi, kwa kuwa watu hudhani hatari ya rafiki mwovu ni kuibiwa naye. Hatari kubwa ni kwamba aliyeumizwa na rafiki huyo hatamtofautisha mtu na mwenziwe, na atakuwa na haki ya kutomtofautisha. Ujiji na Kigoma zina familia nyingi za asili ya Manyema. Kwa mtu wa miji hiyo, waliokuwa nyuma ya majani si wageni.

Fungu la mwisho, la dhamiri, lilichelewa kudaiwa. Huko Manyema karatasi zilimwishia Livingstone, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu za mimea. Maandishi hayo yalififia hata hayakusomeka, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuyatangaza mwaka 2011. Walipoyalinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye, na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, walikuta tofauti. Maandishi ya awali yana manung'uniko makali zaidi juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe, na wasomi wakauliza kama baadhi yao walishiriki katika ukatili wa Nyangwe. Swali hilo halijafungwa. Lakini kuulizwa kwake tu, miaka 140 baada ya tukio, kunaonyesha jinsi deni hili linavyodumu. Mtu aliyekaa na waovu hulazimika kuchagua la kuandika na la kuacha, na kila anapochagua, kipande kidogo cha ukweli wake hukatika.

Kutoka kwake katika suhuba hiyo kunafundisha kama kuingia kwake. Alipofika Ujiji Oktoba 1871, Sherif alimjia bila haya akitaka kumpa mkono. Livingstone aliukataa. Mfanyabiashara mwingine, Said bin Majid, alijitolea kuuza pembe zake ili amsaidie. Hilo linakumbusha kwamba si kila mtu wa mji ule alikuwa sawa na mwingine, na kwamba kuhukumu kundi zima kwa jina moja ni kosa la namna yake. Siku chache baadaye mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliingia Ujiji na msafara wenye nguo, chakula na dawa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Livingstone alikuwa na njia isiyomilikiwa na wauza watu. Stanley alipoondoka Unyanyembe Machi 1872 alichukua shajara na barua, na mwaka huohuo habari za Nyangwe zikasomwa Uingereza. Zilisaidia kuongeza shinikizo lililomfikisha Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja kabla, kijijini kwa Chitambo. Sauti yake ilirudi siku alipopata mbebaji mwingine wa barua. Ujasiri alikuwa nao muda wote, lakini alikosa njia.

Mambo hayo yana sura zake katika maisha ya leo ya mwambao huu. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Katika vipindi vya namna hiyo, kijana asiye na akiba huweza kufuatwa na tajiri mwenye nyavu haramu, akapewa unga, akalipiwa kodi ya chumba, kisha akaambiwa kuna kazi ya usiku mmoja. Tajiri hatakuwamo mtumbwini doria itakapofika. Ndivyo ilivyo pia kwa bodaboda anayekodiwa kila jioni kubeba mzigo asioruhusiwa kuufungua, na kwa mchuuzi anayenunua simu kwa bei ambayo mwenye mali halali hawezi kuikubali.

Sheria ya Tanzania haimtazami mtu wa namna hiyo kama mpita njia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 22 inamhesabu anayesaidia au kuchochea kosa kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Kifungu cha 23 kinazungumzia nia ya pamoja: watu wawili au zaidi wakiungana kwa shabaha haramu, na katika kuitekeleza likatendeka kosa ambalo ni matokeo yanayoweza kutarajiwa, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji wa rushwa pamoja na mpokeaji. Kwa lugha ya kawaida, mahakama nayo huuliza swali la mtu wa nyuma ya majani: alikuwa anatembea na nani, na kwa shughuli gani?

Ni lazima hata hivyo kutenganisha ukaribu na suhuba. Daktari humtibu jambazi, wakili humtetea mtuhumiwa, sheikh na padri huwatembelea wafungwa, na mama hamkani mwanawe aliyepotoka. Hao wako karibu na mwovu bila kula katika uovu wake. Kipimo kiko katika maswali matatu. Je, riziki ya mtu inatoka katika tendo baya la mwenziwe? Je, anaweza kulitaja tendo hilo hadharani bila kupoteza kitu anachokitegemea? Na je, aliyeumizwa na tendo hilo ana njia ya kuona kwamba mtu huyu si mwenzao? Anayejibu vibaya swali moja ameanza kulipa. Anayejibu vibaya yote matatu amekwisha kuingia msafarani, hata kama moyoni mwake anauchukia.

Katika misikiti ya Ujiji hufundishwa mfano wa kale wa rafiki mwema anayefanana na muuza miski, na rafiki mbaya anayefanana na mhunzi avukutaye moto: kwa mmoja mtu hutoka na harufu nzuri, kwa mwingine hutoka na nguo iliyoungua au moshi. Kigoma inao mfano wake uliokaribu zaidi, mawese. Anayepakia madumu ya mawese yasiyofungwa vizuri huweza kuwa mwangalifu kadiri awezavyo. Jioni shati lake litakuwa na doa jekundu, na doa la mawese likishakauka halitoki kwa maji matupu. Wenye busara walilisema kwa ufupi: mchezea tope humrukia.

Kujitoa ni rahisi zaidi mapema, deni likiwa bado dogo. Hatua ya kwanza ni kurudisha au kulipa kilichopokelewa, kwa kuwa fadhila isiyolipwa ndiyo kamba. Ya pili ni kutafuta tegemeo jingine kabla ya kukata lile la kwanza: ndugu, kikundi cha kuweka na kukopa, kazi yenye kipato kidogo lakini halali. Njaa humrudisha mtu kwa tajiri yuleyule haraka kuliko tamaa. Hapa jamii nayo ina wajibu wake, maana kijana anayeulizwa kwa nini anafuatana na wezi ana haki ya kuuliza ni nani mwingine aliyempa nafasi mtumbwini. Ya tatu ni kuweka alama ya wazi ya kutengana: kukataa mkono, kusema mbele ya mashahidi, kupeleka taarifa panapohusika. Kujitenga moyoni peke yake hakutoshi. Mkuki wa Manyema haukuweza kuona moyo, na aliyeurusha hakudaiwa auone.